Neno Nililomwambia Aliruke

Kamusi ya Kiingereza ya nyumbani kwetu, karibu na Roret, baba aliitoa shamba kubwa la majani chai alikokuwa karani. Jalada lilikuwa limetoka na kurasa za mwisho zimeliwa na panya, lakini kwa sababu yake mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa na Kiingereza. Barua za shule, fomu za kitambulisho, maandishi ya chupa za dawa ya ng'ombe, vyote vililetwa kwangu. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajasomea ualimu, na Jumapili nilikuwa mkalimani kanisani.

Kwa hiyo nilipomwona kijana aliyepima majani chai kwenye kituo chetu cha kuuzia akiingia bomani kwetu na karatasi mkononi, nilijua ameifuata kamusi. Moyo uliruka hata hivyo. Kwa miaka miwili tulikuwa tukitembea pamoja kutoka kanisani mpaka njia panda. Hakuniahidi kitu, na wazee wake hawakuja kuketi na baba yangu. Sasa alikuwa anaoa mwingine, nami sikuwa hata na pa kushtaki.

Huyo mwingine alikuwa msichana Mkisii aliyehamia kwetu na wazazi wake. Nilimwonea wivu. Kila mtu alimsifu mikono: alichuma majani mawili na chipukizi, kama kituo kilivyotaka, bila kutazama, huku anapiga hadithi na kucheka. Jumamosi moja niliingia shambani kwetu nikachuma kwa hasira, nikajaza kikapu, nikakipeleka kituoni. Mpimaji, kijana huyo huyo, aliingiza mkono, akatoa jani moja pana na gumu.

"Mwalimu," akasema, "hii ni majani ama ni sukuma wiki?"

Watu walicheka, na yeye msichana akacheka pia. Sikumsamehe.

Basi siku hiyo ya kamusi kijana alinifungulia karatasi yake. "Nisaidie na hii neno. Mchungaji ameniandikia kiapo, sasa hapa kuna *troth*. Hiyo ni nini?"

Mwanamume aliyemaliza kidato cha nne siku hizo hakukubali kuapa kwa Kiswahili. Bibi harusi angeapa kwa Kiswahili, yeye kwa Kiingereza, na mimi, Mungu anisaidie, ningemtafsiria, kwa kuwa watu wa bibi harusi hawakujua Kiingereza wala Kipsigis chetu.

Kamusi ilisema ni neno la kale. Waingereza wa zamani walilitumia kwa maana ya ukweli, tena ya uaminifu, tena ya ile ahadi ambayo mtu humpa anayetaka kufunga naye ndoa. Watu walikuwa wameacha kulisema, likabaki kwenye viapo vya kanisani. Nilisoma mara mbili. Nililipenda, na lilikuwa linakwenda kwa mwingine.

"Hiyo neno ilikufa," nikamwambia. "Hakuna mtu anaitumia siku hizi. Ruka tu."

"Kweli?"

"Watu watakucheka."

Alitoa kalamu akalikata. Nilimsindikiza mpaka langoni nikiwa na furaha mbaya. Atampa ng'ombe, nikawaza, atampa na nyumba ya mabati, lakini hilo hatampa.

Siku ya harusi nilisimama kati ya mchungaji na maharusi. Katika makanisa yetu mkalimani hasemi "anasema kwamba". Anageuka kuwa yule anayesema. Mhubiri mgeni aliwahi kukiri kwamba alikuwa mlevi, nami nikatangaza mbele ya watoto wa darasa langu kwamba nilikuwa mlevi.

Bwana harusi aliapa vizuri, nami nikamfuata kipande kwa kipande, mpaka akafika pale akaruka. Mchungaji, mzee aliyefunzwa na wamishonari wa zamani, aliinua kidole.

"Umewacha moja. Rudia."

Bwana harusi alinitazama, si kwa hasira, ila kama mwanafunzi aliyefundishwa vibaya. Akalirudia sawasawa. Zamu ikawa yangu.

Kanisa lilisubiri. Shangazi wa bibi harusi akasimama. "Mkalimani, amesema nini? Sisi hatujasikia. Kama hajaahidi, tuambiwe."

Wachache walicheka, lakini yeye hakuwa na mzaha. Kwao ahadi ambayo hawakuisikia haikuwa imetolewa. Bibi harusi, katika glovu zake nyeupe, alikuwa amenikazia macho. Kwa mara ya kwanza alihitaji kitu nilichokuwa nacho mimi. Ningesema "nakupenda" tu, wangepiga vigelegele wakaketi, na hakuna ambaye angejua.

"Nakupa ukweli wangu," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nakupa neno langu, na ndani yake nimejiweka mimi mwenyewe. Sitalirudisha, hata nikikasirika, hata nikiugua."

Hayo ya mwisho hayakuwa kwenye karatasi yake. Nilikuwa nimekaa nayo miaka miwili.

Vigelegele vilipigwa. Nililia, na watu wakasema mwalimu ana moyo mzuri.

Mwaka uliofuata nilimkuta yule bibi harusi sokoni Roret akichagua vitunguu, mtoto mgongoni. Wivu ulikuwa bado upo, nilianza kwa kumtazama viatu.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtu akinikasirisha, nakumbuka tu ile kiapo yake, natulia."

Akanisomea yote kwa kichwa, mpaka "hata nikiugua", bila kuangusha neno. Nikamuuliza, kwa ubaya kidogo, bwana yake alikuwa na uso gani alipokuwa akimwambia hayo.

Alishika kitunguu akafikiri.

"Sijui, dada," akasema. "Nilikuwa nakuangalia wewe."