Begi Tupu na Pazia la Saa Tatu

Nilitoka Toronto kwenda Uingereza na mabegi mawili, moja tupu. Hilo tupu lilikuwa la nguo za binti yangu. Alikuwa na mimba ya miezi sita, mumewe baharia, na anaishi peke yake katika kijiji nisichoweza hata kulitamka jina lake. Niliamua atakuja kuzalia kwangu.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Nimepakia malori huko Rexdale, Toronto, mpaka mgongo ukakataa, na fleti yangu ya mtaa wa Dixon nimeinunua kwa mgongo huohuo. Nikiamua, nimeamua.

Kijiji chenyewe nilikimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Kanisa la mawe, baa moja, ukumbi wa mikutano, duka ambalo ndilo posta. Basi mara mbili kwa wiki. Kibanda cha simu kimejazwa vitabu, simu hakuna. Nikamuuliza binti yangu kama atajifungulia humo kibandani. Akacheka, akaniomba nikae wiki moja kwanza.

Siku ya tatu alipanda basi kwenda kliniki, akaniacha nimelala, maana mwili wangu ulikuwa bado Toronto. Mlango ukagongwa. Bibi mmoja mwenye mkongojo, jirani, na nyuma yake mwenye duka, aproni kiunoni. Wakasema saa tatu imepita na pazia la mbele halijafunguliwa. Nikawaambia usingizi ni wangu. Yule bibi hakuomba radhi. Alitaka kujua binti yuko wapi. Nilipomwambia, ndipo wakaondoka.

Jioni binti yangu akanieleza. Asiyefungua pazia kufikia saa tatu asubuhi, hugongewa. Mwezi uliopita homa ilimwangusha. Yule bibi aliingia na ufunguo wa akiba, mwenye duka akafunga duka akamkimbiza hospitali.

"Mbona hukuniambia?"

Huwa ananijibu Kiingereza. Safari hii alijibu Kiswahili. "Ungekuja na begi, Baba."

Kwetu Dixon, jirani wa mlango wa pili alipofariki, tulijua siku ya nne.

Wiki ilipoisha, begi lile tupu nililirudisha Toronto bila nguo zake, na chupa sita za jamu ya yule bibi. Mbili nikampelekea mama mmoja Mkongo wa jengo la mkabala, tukakubaliana yeye atazame dirisha langu, mimi lake. Jumanne nilichelewa kuamka. Akapiga simu akanigombeza kwa Kifaransa, na sikumwambia usingizi ni wangu.