Mama Tindo na Nyota ya Buluu

Mtaa mzima ulimwita Mama Tindo, na hakuwa mtu wa kukaa chini. Hata chakula alikula amesimama, sahani mkono mmoja, mkono wa pili ukipanga koleo ukutani. Baba yake alimfundisha kufua chuma akiwa na miaka kumi na miwili, na kwa miaka arobaini na saba waashi walimtafuta yeye tu, kwa sababu tindo zake, patasi ngumu za chuma, zilikula zege bila kuvunjika wala kupinda.

Siri ilikuwa macho. Ukishaipasha ncha moto na kuizima majini, unaisugua ing'ae, kisha unasubiri joto lililobaki nyuma lije mbele polepole. Linakuja na rangi: manjano, kahawia, zambarau, buluu. Tindo ya mwashi huzamishwa mara ya mwisho kwenye zambarau. Ukichelewa kidogo tu ncha inakuwa laini, na mwashi atakurudishia imejikunja, na matusi juu yake.

Basi mwaka mmoja tindo zilianza kurudi zimejikunja. Kwanza mbili, kisha saba, kisha ndoo nzima. Mama Tindo hakujiuliza mara mbili. Aliyekuwa akinunua chuma ni mdogo wake, mwanamke mpole aliyefanya naye kazi tangu ujanani, na akamshukia mbele ya wateja: kanunua takataka, kala njama na wauza vyuma chakavu!

"Dada, chuma ni kilekile," mdogo wake alisema.

"Kwa hiyo mikono yangu ndiyo mibovu?"

Mdogo mtu akavua aproni, akaitundika msumarini, akaenda zake. Miezi minne hawakusemeshana, na tindo ziliendelea kupinda. Hilo la pili ndilo lililomnyima Mama Tindo raha, maana sasa chuma alikinunua mwenyewe.

Jioni moja, giza limeingia punde, alikuwa akizungukazunguka uani kwa binti yake. Mkwe wake, mwalimu wa fizikia asiyejua kufupisha hata salamu, alikuwa akifanyia mazoezi somo la kesho.

"Mama, kaa basi nikueleze."

"Eleza tu. Masikio yangu hayahitaji kiti."

"Rangi ya nyota ndiyo inayotuambia joto lake. Nyekundu zina joto dogo. Halafu manjano, halafu nyeupe, na zenye ubuluu ndizo kali kuliko zote."

"Mbona hilo nalijua tangu utoto? Chuma nacho huanza na wekundu. Ila ubuluu huo wa moto hakifiki, huko kitakuwa kishageuka maji."

Mkwe alifurahi kupata mwanafunzi. "Haswa! Sasa tazama ile, juu ya paa la jirani. Inaitwa Spika. Uso wa jua una nyuzi kama elfu tano na mia tano, hii imepita elfu ishirini. Na kwa macho ni moja, kumbe ni mbili, zinazungukana kwa siku nne tu, karibu kiasi cha kuvutana hadi zinapoteza uduara. Mwanga wake umesafiri miaka mia mbili na hamsini, na bado unauona ulivyo, mweupe wenye ubuluu."

"Ipi? Ile ya manjano?"

Mkwe akacheka, akidhani anataniwa. Binti akatoka jikoni, akatazama. "Mama, ile ni buluu. Manjano unayaona wapi?" Mpangaji wa chumba cha pili naye akaitwa, akasema buluu. Mama Tindo akapangusa macho kwa upindo wa nguo, akatazama tena. Manjano, tena yamefifia kama kibatari.

"Huenda ni mtoto wa jicho, Mama," mkwe alisema kwa upole. "Ni ukungu wa umanjano ndani ya jicho, nao humeza buluu. Daktari anaweza kuutoa."

Mama Tindo hakuwa akimsikia. Alikuwa akiiwaza zambarau, ambayo nayo ina buluu ndani yake. Ni mara ngapi alisimama pale motoni akingoja rangi ambayo ilikwisha kuja na kupita mbele ya macho yake? Aibu ikamshika. Akatoka bila kuaga, moja kwa moja hadi kwa mdogo wake.

Mdogo wake alifungua mlango nusu. "Umekuja kumalizia matusi, dada?"

"Toka nje kwanza. Ile nyota ina rangi gani?"

"Buluu. Kwani vipi?"

"Mimi naiona ya manjano." Akamgeukia mdogo wake. "Chuma kilikuwa kizima, mdogo wangu. Nilikuzushia. Nisamehe."

Mdogo wake akarudi kizingitini. "Ulinitukana mbele za watu."

"Najua."

"Basi kanisafishe mbele za watu."

Asubuhi waashi watatu walikuwa mlangoni pa karakana. Mama Tindo alisema haraka, asije akabadili nia: macho yake ndiyo mabovu, mdogo wake hana kosa. Mmoja alichukua tindo zake akaondoka. Wawili walibaki.

Mdogo mtu akaitungua aproni msumarini, akaikung'uta vumbi, akasimama bega kwa bega na dada yake. Ncha ikazimwa, ikasuguliwa. Manjano yakaja, na Mama Tindo aliyaona. Kahawia aliikisia. Baada ya hapo hakuona kitu. Kwa macho yake mwenyewe, muda ulikuwa bado.

"Sasa, dada!"

Akazamisha.