Kupimwa Nikiwa Hai

Shule niliyopangiwa ilikuwa kijijini, upande wa Nzega, kando ya njia ya zamani ya misafara. Nilikuwa mwalimu peke yangu pale, msichana wa mjini Tabora, na chumba changu kilikuwa nyuma ya darasa. Wanawake wa kijiji walinisalimu kwa kupiga magoti. Heshima ile ilinichosha, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa nami chini tukachambua mboga. Jioni nilipika chakula cha mtu mmoja, nikaosha sahani moja, kisha nikakaa nikisikiliza vicheko vya majirani. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kusema hivyo.

Watu wangu walikuwa darasani tu. Ndiyo sababu somo la vipimo sikulifundisha kwa kukariri. Tulipima mlango kwa shubiri, uwanja kwa hatua, na uzi wa pamba kwa dhiraa, kila mtoto kwa mkono wake mwenyewe, na majibu yakagombana vizuri sana. Walibishana mpaka wenyewe wakaomba kipimo kimoja cha wote. Nikakata ufito, nikautia alama za futi, nikawaambia wapimane urefu. Mmoja alisimama ukutani, mwenzake akampima na kuchora alama kwa mkaa. Siku hiyo nililala nimeridhika.

Kesho yake hakuja mtoto hata mmoja.

Niliketi mbele ya madawati matupu mpaka jua likawa kali, hasira zimenijaa, nikiamini kijiji kizima kimenisusa. Mwishowe alikuja bibi mmoja, yule aliyekuwa akiosha maiti za wanawake pale kijijini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ni kweli watoto umewapima kwa ufito?"

"Kweli, bibi. Ni hesabu tu."

"Huku kwetu anayepimwa ni maiti, ili wachimbaji wajue ukubwa wa kaburi. Wewe umewapima wazima, tena ukawaandika ukutani. Mama zao hawajatia kitu mdomoni tangu jana."

Nilichukua kitambaa nikafuta alama zote mbele yake. Akatikisa kichwa, akasema aliyepimwa amepimwa. Hapo ndipo nilipoogopa. Bila watoto wale nisingekuwa na mtu hata wa kumwambia akae chini.

"Basi nipime na mimi," nikasema. "Mama zao waone. Lililo lao na liwe langu."

"Mwalimu, hilo si jambo la mchezo."

"Sichezi, bibi. Siwezi kukaa hapa bila watoto."

Akaenda kuwaita akina mama. Walikuja wakasimama mbali, watoto wamejificha nyuma ya kanga za mama zao. Nililala juu ya mkeka uwanjani. Kumbe bibi huyu hupima maiti kwa shubiri, ndipo wanaume wakate ufito wa urefu huo wa kupimia kaburi. Alininyoosha miguu, akaweka kiganja chake kwenye kisigino, akaanza kupanda: kifundo, goti, nyonga. Mikono yake ilikuwa mikavu na yenye joto. Tangu niagane na mama yangu hakuna mtu mzima aliyekuwa amenigusa. Nikafumba macho ili wasione machozi.

Alipofika mbavuni nilisikia sauti ndogo ikihesabu pamoja naye, kisha nyingine. Walikuwa wanafunzi wangu. Walisogea shubiri kwa shubiri, mama zao wakiwavuta na wao wakichomoka, mpaka wakauzunguka mkeka wote, wakihesabu kwa sauti ile waliyoizoea darasani. Mama mmoja akacheka, akaketi chini. Wengine wakaketi pia.

Bibi aliweka kiganja cha mwisho utosini, watoto wakataja namba kwa pamoja.

"Inuka sasa, mwalimu," akasema. "Tumemaliza."

Nikamwambia hesabu imekosewa, apime tena kuanzia miguuni. Haikuwa imekosewa.