Sababu Niliyokuwa Nikiijaza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kijiji cha Chiola, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinikabidhi mzani wa kupimia watoto na rejista yenye jalada gumu. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba na mafunzo ya uhudumu wa afya ya mama na mtoto. Akaniambia nisiache safu hata moja wazi. Agizo hilo nililishika kuliko yote, na ndilo ninalolijutia.

Kliniki ya uzazi wa mpango ilikwenda hivi. Mama akija unampima presha na uzito, unamwuliza hedhi yake ya mwisho, naye anachagua vidonge au sindano ya miezi mitatu. Vijiti vya mkononi vilikuja baadaye. Unamwandikia tarehe ya kurudi kwenye kadi. Asipoendelea, mwisho wa mwezi unamweka kwenye taarifa kama "aliyeacha", na unajaza sababu.

Nilihamishiwa Mkotokuyana, kisha upande wa Ruangwa, kwenye zahanati ambayo sitaitaja. Mratibu wa afya ya uzazi wa wakati huo, mtu wa Kanda ya Ziwa, kila akija kutukagua alituhubiria kwamba watu wa huku wanazaa sana kwa sababu ya Uislamu. Siku moja nilichoka, nikamwuliza kwao wamezaliwa wangapi. Kumi na mmoja, baba yake mzee wa kanisa. Nikamwambia sisi tuko wanne, na baba yangu alikuwa mwadhini. Akacheka, akasema, "Mama, wewe una maneno." Halafu akaendelea na hotuba palepale alipoishia.

Sisemi dini haina neno. Wapo kinamama walioniambia kila mtoto huja na riziki yake, na wapo Wakatoliki waliokubali kuhesabu siku tu. Lakini shehe wetu alifundisha msikitini kwamba mtoto anyonye miaka miwili kamili, na mume asiyempa mkewe nafasi hiyo anadhulumu watu wawili. Alituletea kinamama kuliko mabango yote ya wilaya.

Mmoja wao aliletwa na mke wa shehe, kwa siri, maana mume wa mama huyo alikuwa amemkataza. Ni Somoe, jirani yangu, niliyekuwa nikikung'uta naye ufuta kila msimu. Uzazi wake wa tano alitoka damu mpaka akazimia, na mganga akamwonya asibebe mimba nyingine. Alichoma sindano moja. Tarehe ya kurudi akaja, dawa imeisha. Wiki iliyofuata akaja, hakuna. Vidonge navyo hakuna. Mara ya tatu akaniuliza, "Dada nesi, hiyo sindano nayo ina msimu kama korosho?" Tulicheka wote wawili, na mimi nikiwa na aibu.

Mwisho wa mwezi nilitaka kuandika kwamba dawa imeisha. Mganga mfawidhi wa pale akanizuia.

"Ukiandika hivyo wataniuliza kwa nini sikuagiza mapema. Andika dini. Dini haina mtu wa kuja kuiuliza."

Nikaandika dini. Na si kwa Somoe peke yake, niliandika hivyo miaka. Wilayani walipoisoma taarifa wakatuletea semina ya viongozi wa dini. Shehe alikaa mstari wa mbele siku nzima, akifundishwa jambo ambalo yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha watu. Soda zilikuja katoni kwa katoni. Sindano haikuja.

Somoe alibeba mimba ya sita. Mtoto alizaliwa mzima, yeye akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Hapo sitaandika zaidi.

Nilistaafu nikiwa Nachingwea mjini. Kwenye hafla walinipa kitenge na cheti, wakanisifu kwa kupambana na imani potofu. Nilisema ahsante, nikakaa.

Mwaka jana binti mkubwa wa Somoe alikuja nyumbani. Sasa ana watoto wawili. Alikuwa amesikia kliniki mama yake akitolewa mfano wa mtu aliyeacha sindano kwa ajili ya dini. Akaniuliza kama ni kweli.

Nikamwambia, "Si kweli, mwanangu. Alikuja mara tatu akakosa dawa. Aliyeandika dini ni mimi."

Hakulia. Akaniambia jambo nililokuwa silijui. Baba yake huamini kwamba mama alilitii katazo lake, na kwamba utii ule ndio uliomuua. Tangu mazishi ya mkewe, mzee yule haendi tena msikitini, husali nyumbani peke yake.

"Mimi siwezi kumwambia, Mama," alisema. "Hatanisadiki. Mwambie wewe."

Nikajitanda ushungi, nikafunga mlango, tukaenda.