Uwanja Ule Ulikuwa Kichuguu cha Mama

Ndugu Msimamizi wa ukurasa huu, naomba ufiche jina langu na la klabu yetu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, Muha wa Kasulu, sijaoa, na ninacheza tenisi. Chekeni tu, hata huku walicheka. Nilianza kwa kufagia uwanja wa klabu ya watumishi mjini. Wakikosa mtu wa nne wananiita, mwisho ikawa hakuna wa kunifunga, wa hapa wala wa Kibondo.

Mwaka huu klabu moja kubwa ya Dar es Salaam ilisikia habari zangu. Wakaandika kwamba mwalimu wao atakuja kunitazama, na nikimridhisha wataniajiri, kazi yangu iwe tenisi tu, kufundisha na kushindana. Barua ile niliisoma mpaka ikachakaa. Tatizo ni uwanja. Ulikuwa umepasuka, mpira unaruka unakotaka wenyewe. Huku uwanja hutandikwa udongo wa kichuguu, unatwangwa, unamwagiwa maji, unashindiliwa mpaka unakuwa mgumu kama sakafu. Vichuguu vya karibu na mji tulishavimaliza. Ndipo nikakumbuka kile cha nyumbani kwetu kwa zamani, upande wa Makere.

Wa mbali nieleweni. Kwetu kichuguu kina mwenyewe. Baba alipofariki, baba zangu wadogo walichukua migomba na mbuzi, mama wakamwachia kichuguu. Kila mvua za kwanza alikifunika kwa majani, akavuna kumbikumbi, akauza sokoni. Daftari zangu zote za shule zilitoka humo. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa nyumba ile ilibaki gofu, nami nikajiambia pale sasa ni pori, hapana mwenyewe. Sikumuuliza mama. Kumbe kila msimu alikuwa anarudi kwa miguu kuvuna, mimi niko mjini na raketi yangu. Ujinga wangu huo.

Nilikwenda na lori na vibarua wawili. Tulichimba mpaka chini, tukamkuta malkia wa mchwa, mnene, mweupe, nikamtupa majanini kwa mkono wangu. Pamebaki shimo.

Siku ya mchezo mama alikuja kunitazama kwa mara ya kwanza. Nilicheza kuliko siku zote. Yule mwalimu wa Dar alinipa mkono, akasema nisubiri barua ya kuanza kazi. Mama akaja uwanjani, akainama, akachukua udongo kidogo na kuusugua viganjani.

"Udongo mzuri huu, mwana wanje. Mmeutoa wapi?"

"Umeletwa na serikali, mama."

Akasema serikali ibarikiwe. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi yenyewe ilikuwa yake.

Sasa barua imefika, nami nimekuja kijijini kuaga, lakini mama amekataa nisafiri kabla ya mvua. Kumbikumbi yeye huziita iswa, kwa Kiha chetu. Alinishika bega akaniambia, "Huwezi kwenda mikono mitupu kwa watu waliokupa kazi. Iswa za mwaka huu zote ni zako, uwapelekee." Ameshakata majani ya kufunikia kichuguu. Mizigo mitatu iko mlangoni, na hataki niibebe, anasema nitaumiza mkono wa kuchezea.

Jamani, naangamia. Nimekonda, chakula hakipiti, raketi siishiki. Nikimwambia ukweli, nitamuua kwa uchungu. Nikikimbilia Dar, atafika kule peke yake na majani kichwani, akute shimo, na atajua udongo ulikwenda wapi kwa sababu aliushika. Nimefikiri niwaandikie klabu kwamba siendi, lakini hapo nitakuwa nimeua kichuguu chake bure.

Ninyi mlio na mama, na ninyi mama wenyewe mnaosoma hapa, nipeni la kufanya. Msikawie kunijibu. Asubuhi hii kumenyunyiza, na mama amekwenda kwa jirani kuazima jembe la kusafishia kando ya kichuguu.