Benchi la Mehitabel Karibu na Mlango

Watu wanamsifu Jotham Peaslee: mtoto wa fundi mapipa wa hapa kwetu Massachusetts, akajisomea sheria mwenyewe, akaingia bungeni vita vya uhuru vikiwa vimepamba moto, akatumwa Uholanzi kututafutia marafiki. Haya, sibishi. Lakini mimi nitamsifu mkewe, shoga yangu Mehitabel. Mume alipokuwa akibembeleza mawaziri huko ng'ambo, nani alilima mahindi? Nani alipasua kuni, akamzika binti yao Anna aliyekufa kwa homa ya koo?

Miaka saba hiyo. Katikati yake kamati ya kanisa ikapanga upya mabenchi, kama ilivyo desturi yetu: mwenye cheo mbele, hohehahe nyuma. Shemasi Tuttle akaona mwanamke asiye na mwanamume benchini hana cheo, akamsukumia nyuma kabisa karibu na mlango, kwenye baridi, pamoja na sisi wajane. Mehitabel akamwuliza kama mumewe amekufa. Shemasi akasema hajafa, ila hayupo. Basi mwenzangu akakaa, kichwa juu, wala hakukosa Jumapili hata moja.

Jotham aliporudi na mkataba wake na Waholanzi, kamati hiyo hiyo ikakimbilia kumpa benchi la kwanza, chini ya mimbari. Wanafiki wakubwa! Jumapili akaja mpaka kwetu nyuma, akamnyooshea mkewe mkono waende mbele. Mehitabel hakuinuka.

"Siendi," alisema, kanisa zima likisikia. "Waliniweka hapa kwa sababu hupo. Leo wananiita mbele kwa sababu upo. Mimi mwenyewe nilikuwa wapi?"

Shemasi akaja mbio, akamnong'oneza Jotham amtulize mkewe, mchungaji anangoja. Jotham alikuwa amebishana na wakubwa wa Ulaya, lakini hapo aliushusha mkono. Uso ulimwiva.

"Anna nimemwombolezea kwenye benchi hili," Mehitabel akaendelea, taratibu sasa. "Nani atanihamisha?"

Zaburi ikaanza. Shemasi akamkumbusha mheshimiwa kwamba kiti chake kiko mbele.

"Najua," Jotham akasema. "Hiki ni cha mke wangu. Namwomba anipishe nikae."

 Mehitabel akamwacha asimame pale, mbele ya macho ya wote, mpaka zaburi ikaisha. Ndipo akasogea.