Mahali pa Kuitikia

Enzi za Mjerumani, mama yangu alianguka mara mbili mtihani wa ubatizo, na mimi nilikasirika kuliko yeye. Nyumbani kwetu, upande wa magharibi wa Mlima Meru, sala ya mtihani aliitoa yote kila jioni akikamua, bila kukosa neno. Mbele ya mwalimu alisema maneno manne, akanyamaza, akatutazama sisi wanafunzi wenzake. Mwalimu, mgeni kutoka Uchagani, alingoja kidogo kisha akafuta jina lake. Akianguka mara ya tatu, angeanza darasa upya, miaka miwili mingine.

Mimi tangu utoto jambo likiniwasha siliachi. Nikaanza kumsikiliza. Sala ya mwalimu ilikwenda moja kwa moja, sauti ikishuka mwishoni tu. Ya mama ilishuka kila baada ya maneno matatu au manne, vilevile kama wazee wetu wanavyobariki ng'ombe: mmoja anatamka kipande, wote wanaitikia "Naai", yaani Ee Mungu, ndipo anaendelea. Na aliyekuwa akimwitikia zizini, kumbe, ni mimi! Nilikuwa nimeshika ndama, kinywa kikijibu chenyewe.

Kesho yake nilifunga mdomo makusudi. Mama akasema kipande cha kwanza, akanyamaza. Maziwa yaliendelea kuchuruzika kibuyuni, sala haikuendelea.

"Wewe, umelala?" akaniuliza.

Nilifurahi sana kwa kuligundua hilo, kisha nikaogopa. Siku ya mtihani, aliyemsemea mwenzake hata neno moja alifukuzwa darasani, na mimi mwenyewe nilikuwa nibatizwe mwezi ule ule.

Siku ikafika. Mama alisimama, akasema kipande cha kwanza. Kimya. Akatutazama. Mwalimu akashika kalamu. Nikajiambia basi, nitabatizwa mwaka mwingine.

"Naai," nikasema.

Mwalimu aligeuka, macho makali. Lakini mama alikwisha kuingia kipande cha pili, na safari hii wanawake wa benchi zima waliitikia, kipande kwa kipande, mpaka mwisho.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Mimi hakunifukuza. Alimgeukia mama.

"Mama, kumbe unaijua! Mbona siku zote unaishia njiani?"

"Sikuishia njiani, mwalimu," mama akasema. "Nilikuwa naomba. Ninyi ndio mlionyamaza."